Fidia ya Mzee Elkana

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeianza wiki kwa ushindi. Baba mkwe ameondoka Homa Bay asubuhi, na mimi sikulazimika kuondoka naye.

Nieleze, maana huenda wajukuu wakasoma. Baba mkwe wangu, Mzee Elkana, alifariki mwaka jana. Jumamosi ya wiki ijayo kutakuwa na rapar nyumbani kwake Awendo, yaani sherehe ya kumkumbuka, na picha yake itawekwa mezani mbele ya watu wote. Picha yenyewe ni moja tu duniani. Mzee hakupenda kamera. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipozikwa. Wala hakuna aliyewahi kuipiga hiyo picha kwa simu, kwa sababu nani hupiga picha kitu anachokiona ukutani kila siku? Humo amevaa koti la kola pana, jicho moja dogo kuliko lingine, anakutazama kama mtu uliyeazima pampu yake ya baiskeli ukasahau kuirudisha.

Mke wangu Roseline ametangulia Awendo kumsaidia mama yake. Mimi aliniachia kazi moja tu. Niipeleke picha Homa Bay kwa rafiki yangu Willis, fundi wa fremu, aitie kioo kipya, kisha niibebe kwa mikono yangu hadi Awendo. Alirudia mara kadhaa: mapajani, Baba Joyline, si chini ya kiti.

Mapajani! Mzee huyu alipokuwa hai sikuwahi hata kukaa kwenye kiti kinachotazamana na chake. Akiingia mlango wa mbele, mimi natafuta wa nyuma. Ndiyo adabu ya mkwe. Leo nimpakate kama mtoto mchanga, tena mbele za watu, huku abiria wananipa pole njia nzima? Hapana. Willis alipomaliza kutia kioo, nilimfunga kwa katoni na gunia, nikampeleka ofisi ya Kongoni Vifurushi, nikaandika jina la mama mkwe na neno KINAVUNJIKA. Kesho atakuwa kwake. Nimerudi zangu nyumbani Rusinga kunyoosha miguu. Nina kichwa ambacho watu wengine wangekikodi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee hajafika.

Roseline alipiga simu kuuliza nitakuja lini na picha. Nilimwambia vanishi ya fremu bado inakauka. Akasema vanishi ya Willis basi ni ya ajabu. Nilikata simu nikakimbilia Homa Bay.

Pale Kongoni kuna karani anaitwa Irine, dada mpole mwenye kucha ndefu zinazogonga kompyuta kabla ya vidole kufika. Alisema mzigo uliondoka Homa Bay na baada ya hapo mashine haijui lolote. Labda lebo ilitoka, kwa sababu mvua ilinyesha siku ile. Akauliza ndani kulikuwa na nini ili aandike ombi la fidia.

Nilimuuliza kwanza, kwa kutaka tu kujua, picha ikipotea inakuwaje. Alisema unarudishiwa nauli ya mzigo na kuombwa radhi. Na kifaa cha umeme je? Alisema hapo makao makuu Kisumu hupigia vituo vyote simu, msako unafanywa, na kisipopatikana mteja analetewa kingine kama hicho.

Nilifikiri haraka. Nani atainuka kitini kumtafuta mzee wa koti? Lakini televisheni! Watapindua kila gunia kuanzia Rongo hadi mpakani. Wakitafuta televisheni bapa, watamkuta mzee bapa. Na wasipompata, basi angalau nitamlilia mbele ya skrini.

Nikaandika televisheni, inchi thelathini na mbili. Mkono ulitaka kuandika arobaini na tatu nikauzuia. Mimi si mwizi.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna habari. Nilirudi kwa Irine na kumweleza kwa upole kwamba Jumatatu nitaingia hewani kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, niililie televisheni yangu kwa Kijaluo, Nyanza nzima isikie. Nilisema mtangazaji ni mtu wangu. Mtangazaji simjui, lakini Irine hajui kwamba simjui. Alipiga simu Kisumu nikiwa bado nimesimama pale.

Jioni Frankline aliweka picha ya fahali kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Frankline ni mwanyumba wangu, ameoa dada yake Roseline, na anafanya kazi ofisini kule kwenye kiwanda cha sukari. Fahali wa rapar katoa yeye. Hema katoa yeye. Watu wote wametuma mioyo na makofi. Halafu Frankline akaandika kunihusu: tumwachie Nicanor kazi ile ndogo ya picha.

Ndogo. Nimejibu kwa kidole gumba kimoja.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya. Nitaiandika kwa ufupi kabla mkono haujakataa.

Meneja wa Kongoni kule Migori, anayeitwa Mogire, alipiga simu niende nikaangalie mizigo isiyo na lebo. Nikaenda. Niliingia ofisini nikijiandaa kununa kama mdai, nikainua macho, na nani ananitazama kutoka ukutani juu ya kaunta? Baba mkwe! Koti lake, kola yake, jicho lake dogo. Miguu yangu yenyewe ilianza kurudi nyuma kutafuta mlango mwingine.

Mogire ni mtu wa makamo, mtaratibu, anapanga karatasi kwa viganja viwili. Alinieleza bila kuulizwa. Picha iliteremshwa Migori badala ya Awendo, katoni imelowa na kupasuka, jina halipo. Vijana wa stoo walikataa kumlaza mzee wa watu sakafuni katikati ya magurudumu na jembe. Mtu mzima hawekwi chini. Kumgeuzia uso ukutani wakaogopa zaidi. Basi wakampigia msumari. Sasa wateja wanaamini ndiye mwenye kampuni. Wanavua kofia wakiingia. Mama mmoja aliyekuja na hasira kwa sababu ya vifaranga wake alimtazama, akasema jaduong', yaani mzee, samahani, akaanza kuzungumza kwa sauti ndogo.

Mogire alisema kinachomuumiza ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeripoti kupotelewa na picha. Angekuwepo, mzee angefika kwao siku hiyohiyo. Ripoti ya kitu bapa aliyonayo ni moja tu, ya televisheni yangu. Halafu akanipa mkono wa pongezi: Kisumu wamekubali fidia, televisheni mpya inatumwa. Ila akaongeza kuwa mwezi uliopita mtu fulani alidai fidia ya mablanketi ambayo hayakuwepo, na sasa mtu huyo analala kituo cha polisi bila blanketi.

Kisha akauliza kama mimi mzee huyu namfahamu.

Nilisema simfahamu.

Petro alikana mara tatu. Mimi nimekana mara moja. Nimejaribu kujifariji na hesabu hiyo, haifariji.

Kabla ya kutoka nilimwomba aniuzie ile picha, nikidai napenda wazee wenye sura za heshima. Mogire alikataa. Alisema mzee huyu ana watu wake, na mahali fulani kuna mtu anamlilia.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Willis ataenda Migori kama mwana wa marehemu, adai picha, aipate, anikabidhi. Televisheni ibaki ilivyo. Kila mtu ana chake.

Nilimfundisha Willis njia nzima hadi stendi: jina ni Elkana, nyumbani ni Awendo, machozi kidogo tu.

Saa tisa. Willis amerudi bila picha na bila kiatu kimoja. Anasema alianza vizuri. Alisimama chini ya picha akalia. Mogire alimpa pole, akamuuliza baba alifariki vipi. Hapo Willis akaongeza chumvi, akasema alizama ziwani. Wakamuuliza alizikwa wapi. Akasema bado hajapatikana. Basi foleni nzima ikasimama, mama mmoja akaanza kuomboleza, mwingine akavua kitambaa cha kichwa apitishe mchango wa wapiga mbizi. Mogire akauliza jina la mzee ili litajwe kwenye maombi. Jina likamtoka Willis kichwani. Akasema wao nyumbani walimwita Baba.

Alipotoka mbio kiatu kilibaki mlangoni. Willis anataka fidia ya kiatu. Nimemwambia, omera, ndugu yangu, fidia haipatikani kirahisi hivyo.

Jumatano, 13 Agosti

Televisheni imefika. Lakini haikufika kwangu!

Mjinga mimi, mzigo niliuandikia jina la mama mkwe, kwa hiyo na fidia imeenda kwa jina hilohilo. Gari la Kongoni liliingia boma la Awendo adhuhuri likiwa na katoni kubwa bapa. Roseline ndiye aliyenisimulia kwa simu. Waliona umbo la katoni, wakajua ni Mzee amerudi. Mama mkwe alienda kufunga kitambaa cheupe. Watoto waliitwa kutoka shambani. Mchungaji alikuwa karibu, akaletwa, akaomba. Wakafungua, wote wamesimama. Ndani kulikuwa na skrini.

Halafu simu ikawekwa sauti ya juu na nikaulizwa.

Nifanye nini? Nilisema ni zawadi yangu kwa mama mkwe kwa ajili ya rapar. Nikasikia vigelegele. Nikamsikia Frankline akikohoa. Shangazi fulani akasema fahali ataliwa aishe, ila televisheni hukaa. Kwa muda mfupi nilikuwa mkwe mkubwa kuliko wote, nilitembea hapa chumbani nikiwa nimeshika kiuno.

Kisha Roseline alitoka nje na simu. Akasema kwa sauti ya chini: na Baba?

Nikasema yuko njiani.

Akasema Baba Joyline, nilikuomba kitu kimoja. Akakata. Sikula jioni, ingawa kulikuwa na samaki wa mbuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefika Awendo mikono mitupu, nikiwa na hadithi tatu tayari kichwani. Ya kwanza ilikuwa ya gari kuharibika, ya pili ya Willis kuugua. Ya tatu ilikuwa na askari wa mpakani na ilikuwa nzuri kweli.

Sikutumia hata moja. Sebuleni, mahali picha ilipokuwa ikining'inia, pamebaki mraba safi, ukuta mwingine wote umefifia kwa moshi na miaka. Televisheni wameiweka hapo chini, watoto wanatazama mpira. Mama mkwe amegeuza kiti chake, anautazama ule mraba.

Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, kwa hiyo nilisimama kwa adabu nikauangalia mlango, naye akauangalia ukuta, tukazungumza hivyo. Alinishukuru kwa televisheni. Alisema Mungu anizidishie. Halafu akasema, bila kulaumu, kwamba asubuhi alijaribu kukumbuka ni jicho lipi la mzee lililokuwa dogo, la kulia au la kushoto, akashindwa. Ameishi naye tangu akiwa msichana na sasa ameshindwa. Akauliza kama mimi nakumbuka.

Nilikuwa nimemwona Jumatatu. Nilikumbuka vizuri sana. Nikasema nimesahau, kwa sababu kama ningesema la kushoto ningetoa machozi pale pale.

Nilimwita Roseline nyuma ya jikoni nikamwambia yote, vanishi, televisheni, Mogire, Willis na kiatu. Nilisubiri kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: kioo chake hakijapasuka?

Ijumaa, 15 Agosti

Tuliondoka na Roseline alfajiri, televisheni nimeibeba kichwani ndani ya katoni yake. Njiani nilimweleza kwamba labda mimi ningebaki nje ya ofisi nilinde televisheni. Tulipofika alinifungulia mlango. Nikaingia.

Kulikuwa na foleni. Roseline alisimama mlangoni, akamwona baba yake juu ya kaunta, akafunika mdomo kwa mkono. Mogire aliinua kichwa, akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena. Jicho la Roseline la kushoto pia ni dogo kidogo. Mimi nililiona tangu tunachumbiana, nilidhani ananikonyeza. Mogire hakuuliza jina wala risiti. Alipanda kiti, akamteremsha mzee kwa viganja viwili, akaufuta uso wake na mkono wa shati, akamkabidhi. Wateja waliinuka. Mzee mmoja aliuliza kama mwenye kampuni amehamishwa.

Ikabaki zamu yangu. Nilishusha katoni kauntani nikasema televisheni haikuwahi kuwepo. Nilisema wakiniita polisi waniruhusu kwanza nimfikishe mzee kwake, kesho ndiyo rapar, halafu nitarudi mwenyewe. Foleni yote ilikuwa inasikiliza.

Mogire alipangapanga karatasi zake. Mwishoni alisema ataandika kuwa televisheni imerejeshwa kwa kutumwa kimakosa. Akasema watu wengi wamepita chini ya mzee huyu na mimi ndiye niliyethubutu kudanganya machoni pake, kwa hiyo adhabu yangu anamwachia mzee.

Kwenye gari Roseline alisema mikono yake haina nguvu. Akaniwekea baba mkwe mapajani. Abiria wote walinipa pole. Kondakta alinipa pole. Kule Awendo kijana anayeuza miwa alinipa pole. Nilianza kumwambia kila mmoja kwamba mimi ni mkwe tu, kisha nikashindwa kusema. Wakati ukoo mzima wa Roseline uliponikataa kwa sababu ya kukosa kazi ya maana, Mzee Elkana ndiye aliyesema kijana huyu atachelewa lakini atafika. Hayo alinisemea bila hata kunitazama. Nimemlilia leo kuliko siku tuliyomzika, na siku ile nililia ili nionekane.

Jumapili, 17 Agosti

Rapar imepita vizuri. Watu walijaa. Fahali wa Frankline alikuwa mgumu, meno mawili ya mchungaji yameathirika. Siandiki hili kwa furaha. Kidogo tu.

Picha ilikaa mezani juu ya kitambaa cheupe. Kabla ya maombi mama mkwe aliisogelea, akagusa kioo kwa kidole, akasema taratibu, la kushoto, kumbe ni la kushoto. Akakaa karibu na picha hiyo siku nzima na hakuna aliyemwondoa. Kuhusu televisheni Roseline alimwambia imerudi kwa wenyewe, jambo ambalo ni kweli tupu, na mama mkwe akasema afadhali, ilikuwa na kelele.

Jioni mama mkwe aliita watu wote. Alisema amejifunza hofu wiki hii. Anataka kila mtoto wake kati ya wale watano awe na nakala ya picha, yenye fremu na kioo. Frankline alijitolea kuipeleka kwa gari lake. Mama mkwe akakataa, akasema apewe Nicanor, kwa sababu Nicanor ndiye aliyempakata mzee hadi nyumbani.

Sijawahi kupewa heshima ya namna hiyo. Nilitoka nje kidogo nikaangalia miwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Willis amemaliza nakala tano, kazi safi. Bado hasemi nami vizuri kwa sababu ya kiatu. Roseline amepiga simu na maagizo: nakala tano pamoja na picha ya asili, zote nizibebe mwenyewe hadi Awendo, mapajani.

Wazee sita! Nina mapaja mawili. Huyu mmoja aliniliza mbele ya abiria, sita si wataniua? Na leo Mbita kuna mtu anauza injini ya boti kwa bei ya kutupa na lazima niwahi kabla hajazinduka.

Nimewafunga wote sita kwa katoni moja nikawapeleka Kongoni. Irine yuko likizo, namshukuru Mungu. Yuko kijana mgeni. Aliuliza ndani kuna nini. Safari hii sikusema televisheni, mimi si mtu wa kurudia kosa. Nilisema mayai. Nani huweka jembe juu ya mayai? Nani huyalowesha, au kuyapitisha kituo chake? Mayai hushikwa kwa viganja viwili na kila mtu. Nimestaajabu kwamba sikuwaza hivyo tangu mwanzo.

Kijana akaandika mayai, kisha akasema kwamba kwa sheria zao mayai ya kuku yakipotea hayana fidia.

Nikamwambia aandike ya mbuni.